Kadi Mbili na Ngoma ya Didia

Nina hasira za karibu, na wanaonifahamu hawanisogelei ninaporenda. Kurenda ni kuiachia kompyuta iunganishe vipande vya picha viwe video moja, na kwa mtu anayeishi kwa kuhariri harusi na sendofu za mji wa Shinyanga, hiyo ndiyo saa ya kukaa kimya na kusali. Siku hiyo nilikuwa nimefika asilimia themanini na tisa. Shemeji yangu akaingia studio bila kubisha hodi, akaweka boksi juu ya kibodi, boksi likabonyeza kitu, na kazi ya asubuhi nzima ikafutika.

"Shemeji, nimekuletea ukombozi," alisema.

"Toka nje kwanza, uingie upya nikusalimie kwa heshima," nilimjibu. "Sasa hivi sina."

Ni mdogo wa mume wangu. Ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kule karibu na Bulyanhulu, na utani wetu hauna breki kwa sababu mila yenyewe imeuruhusu. Ndani ya boksi kulikuwa na kadi ya grafiksi, ile sehemu ya kompyuta inayobeba mzigo wa picha, mpya kabisa, ina feni tatu na taa zinazobadilika rangi. Aliinunua kwa ajili ya kucheza mpira wa kwenye kompyuta, kisha akakumbuka kwamba kompyuta hana. Alichotaka ni kuiweka kwenye ya kwangu, mimi nifanyie kazi siku za wiki, yeye aje kucheza Jumapili. Kadi yangu ya zamani tuiuze.

Hiyo ya zamani niliinunua mtumba Geita. Ina feni mbili na mikwaruzo, na ikishika kazi inanguruma hadi wateja wanauliza kama nasaga unga huku nyuma. Mimi mwenyewe nilikuwa naitukana kila siku. Lakini mtoto wako unamtukana mwenyewe. Jirani akikusaidia, mnagombana.

"Ina umri gani?" shemeji aliuliza, akiitazama kwa dharau.

"Ina umri wa kuamkiwa. Anza wewe."

Tukakaa kusoma sifa za kila moja kama watu wanaochunguza posa. Ya kwake ilikuwa ya kizazi kipya, mbio zake karibu mara mbili ya yangu, inakula umeme kidogo na inatosheka na waya mmoja. Yangu ilitaka nyaya mbili na ilikuwa nyuma kwa kila kitu, isipokuwa mahali pamoja: memori yake ilikuwa GB kumi na mbili, ya kwake nane.

"GB nane za kisasa ni sawa na kumi na mbili za kizamani," shemeji alisema.

"Debe ni debe," nilimwambia. "Debe la mwaka huu halibebi mahindi mengi kuliko debe la mwaka juzi."

Hakukubali. Akatoa mfukoni ile mizani yake ndogo ya dhahabu, maana kwa watu wa machimboni hakuna ubishi usiomalizwa na mizani. Akaiweka kadi yangu juu yake, mizani ikazidiwa na kuandika kosa. Akavuka barabara kuazima mizani ya muuza dagaa. Kadi yangu ikaizidi yake kwa karibu robo kilo, nami nikaanza kushangilia kabla sijajiuliza uzito unahusiana nini na picha. Yeye akasema dhahabu safi huwa ndogo, na kinachozidi pale ni mawe tu ambayo bado hayajasagwa. Kadi zote mbili zilibaki zinanuka dagaa wiki nzima.

Labda ubishi ungeishia hapo, kama mezani kwangu pasingekuwa na mkanda wa mama.

Sisi Wasukuma tuna mashindano ya ngoma yasiyo na jaji. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, moja la Wagika na moja la Wagalu, kila moja upande wake, na watazamaji wanatembea huku na huku. Upande watakaohamia ndio ulioshinda. Mama yangu alikuwa manju, yaani kiongozi wa wimbo na wa mstari, wa kundi moja la kina mama wa Didia waliocheza kwa majembe. Manju wa kundi la pili alikuwa mwanamke ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mama mkwe wangu.

Siku moja walishindana na mgeni mmoja akawarekodi kwa kamera kubwa ya begani. Watu wakahamia kwa mama. Ushindi huo mama hajaushusha kichwani mpaka leo. Aliukumbushia siku ya kupokea mahari, akaukumbushia nilipojifungua kifungua mimba, na kila mama mkwe akija kwetu lazima ausikie kabla ya chai. Mama mkwe huwa anatabasamu tu. "Ulishinda, mkwe," anasema, na kuomba sukari.

Mkanda wenyewe ulinifikia mimi nikauhamishia kwenye kompyuta, lakini picha ilikuwa uji. Ulionekana uwanja, vumbi, na vitu vinavyorukaruka ambavyo ulitakiwa uamini ni watu. Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima, na hospitali ya Kolandoto walimwambia la kulia walitunze kwa dawa lakini asitegemee muujiza. Aliporudi kutoka huko hakulia. Alikuja moja kwa moja studio, akakaa, akasema anachotaka ni kimoja: nimsafishie ule mkanda ajione anavyoshinda wakati jicho bado linaona, na mkwe wake awe amekaa hapohapo pembeni anaona pia. Tulikuwa na wiki tatu hadi kipaimara cha mwanangu wa kwanza, siku ambayo bibi wote wawili wangekuwa nyumbani kwangu.

Mama mkwe aliposikia habari hizo aliniuliza kwa upole kama ni lazima. Baada ya siku mbili akanipigia simu na kuniuliza tena. Nilidhani anaogopa aibu, nikacheka moyoni, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo kadi zilipokuja kupambanishwa, kila moja ilikuwa na kabila lake. Shemeji alikuwa upande wa mama yake na kadi yake mpya. Mama yangu, ambaye hajui kadi ya grafiksi na kadi ya kliniki zinatofautiana wapi, aliikumbatia ya kwangu mara tu aliposikia kwamba ni ya zamani na inadharauliwa. Nani alisema zishindanishwe kwa desturi ya ngoma, sikumbuki vizuri. Naogopa ni mimi.

Niliazima kompyuta ya pili kwa jirani mwenye steshenari. Jumamosi tukaweka mashine mbili barazani mbele ya studio, moja kila upande wa mlango, kila moja na kadi yake na skrini yake, zote zikirenda kipande kilekile cha harusi. Asilimia ziliandikwa kubwa mtu azione kutoka barabarani. Watu wakaja: bodaboda waliokosa abiria, wanawake wanaotoka sokoni, muuza dagaa aliyefuata mizani yake. Tukawaeleza sheria, ingawa hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mama alikuwa amefika mapema kuliko wote. Aliniomba nimwache peke yake na mashine kidogo aiombee. Nikaona vyema, maana mama ni mtu wa kanisa na hakosi Jumapili.

Dakika chache za kwanza zilikuwa za shemeji. Kadi yake ilipaa, na taa zake zikawa nyekundu, kijani, zambarau, na umati wote ukasogea upande ule mdomo wazi. Kizuri chajiuza. Mama alisimama peke yake upande wetu, mikono kiunoni, kitenge amekifunga kwa vita.

"Hao wamefuata taa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Hawajaangalia kazi."

"Mama, watu wakihama wamehama," shemeji alimjibu kwa adabu zote. "Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Mama akamgeuzia lile jicho zima. Kabla hajapata la kusema, kadi yangu ilishika sehemu ngumu ya video, pale bibi harusi anapomwagiwa vipande vya karatasi, ikapata joto, na feni zake zikafunguka kwa nguvu zote. Ndipo kompyuta ikapiga chafya. Sina neno jingine. Wingu la unga wa kahawia lilitoka kwenye matundu ya ubavuni likawapata watu wa karibu usoni, muuza dagaa akapiga chafya, akafuata bodaboda, na umati mzima ukaacha taa na kukimbilia kwetu kuona mashine inayotoa ugoro.

"Wamehama," mama alisema, na kuketi.

Ilikuwa dawa ya mvuto. Katika ngoma za kwetu kila manju alikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, na mama, baada ya kuiombea kompyuta kwa jina la Yesu, aliona si vibaya kuiongezea mzizi uliosagwa kupitia kwenye matundu. Nilizima kila kitu. Nilitumia saa nzima kusafisha feni kwa brashi ya rangi huku nikinung'unika, kwa sababu mama mzazi hakaripiwi, ananung'unikiwa tu kwa mbali. Naye alinitazama bila chembe ya majuto.

"Si imeshinda, ng'wanone, mwanangu?" alisema.

Kwa haki ya Mungu haikushinda. Ile mpya ilikuwa imeshamaliza kipande chote kabla sijazima, yangu haijafika nusu, na mimi ninayekula kwa kazi hiyo niliona wivu. Jumatatu niliiweka rasmi kwenye mashine yangu, nikampigia shemeji kumpa ushindi wake, na yeye akaringa kwenye simu mpaka nikaikata.

Kisha nikafungua mkanda wa mama.

Programu ya kusafisha picha za zamani haishiki fremu moja moja. Inakamata nyingi kwa mpigo, inalinganisha uso unaoonekana kidogo hapa na kidogo pale, kisha inakisia pasipoonekana. Zote hizo lazima zikae kwenye memori kwa wakati mmoja. Niliiomba kadi mpya ukubwa ninaoutaka, ikasimama na kuniandikia kwamba memori haitoshi. Nikapunguza, ikakataa. Nikapunguza tena sana, ndipo ikakubali, na kwa mbio zake ikamaliza kabla chai haijapoa. Picha ilikuwa nzuri kiasi. Sasa uliweza kutofautisha mtu na jembe, uliona wazi watu wakihama upande mmoja kwenda wa pili, lakini nyuso hazikuwepo.

Alhamisi nikarudisha ya zamani. Ilinguruma kama kawaida yake, ikajaa hadi juu kabisa ya hizo GB kumi na mbili, na haikusimama. Fremu moja, nyingine, nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Umeme ulinionea huruma haukukatika hata mara moja, na Jumamosi asubuhi, kesho yake ikiwa kipaimara, kazi ilikuwa tayari. Nilifunga mlango wa studio, nikaangalia.

Nilimwona mama yangu akiwa mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Alikuwa mbele ya mstari, analirusha jembe juu na kulidaka bila kulitazama, anacheka na meno yote. Nilifurahi hadi nikapiga makofi peke yangu. Nikatazama upande wa pili, na mama mkwe alikuwa anarusha lake juu zaidi. Watu walikuwa wengi upande wake. Ni kweli, kabla ya kuhama walikuwa wengi upande wake.

Kisha mtoto akatoka katikati ya watazamaji. Alikuwa wa miaka mitatu hivi, anakwenda kwa mama yake ng'ambo ya uwanja, na njia aliyochagua ilipita chini ya majembe. Mama mkwe aliliacha jembe lake hewani. Aliinama, akamzoa yule mtoto kwa mkono mmoja, akawageuzia mgongo wenzake, na jembe la mtu wa nyuma likatua pale mtoto alipokuwa amesimama. Mstari ukavurugika. Ngoma ya upande ule ikanyamaza. Watu walipoona hakuna tena cha kutazama, wakahama.

Mama yangu, mbele ya mstari wake, alikuwa amewapa mgongo. Hakuona chochote isipokuwa umati unaomjia.

Nilirudisha, nikasimamisha, nikasogeza picha karibu. Nina picha moja tu ya utoto wangu, na gauni nililovaa humo lilikuwa hilohilo, la kitenge cha kundi la mama, lenye mfuko mmoja mbele.

Nilikuwa na video mbili kwenye flashi, ya kadi mpya na ya kadi ya zamani. Ya kwanza ingempa mama kila alichoomba: angejiona anacheza, angewaona watu wakihama, na jicho lake lingezima likiwa na furaha hiyo. Ya pili ingemnyang'anya. Niliogopa, nasema kweli. Lakini hofu kwangu haikai, inageuka hasira. Nikamkasirikia mama kwa majigambo ya miaka yote ile, nikamkasirikia mama mkwe kwa kunyamaza, nikajikasirikia mimi niliyecheka kila mama mkwe alipolazimishwa kukubali kushindwa kabla ya kunywa chai kwetu. Video ya kwanza nikaifuta.

Jumapili, baada ya pilau na wageni kuondoka, tulibaki sebuleni watu wanne: mama, mama mkwe, shemeji na mimi. Mume wangu alikuwa anasindikiza ndugu stendi. Mama alikaa kiti cha karibu na skrini kwa sababu ya jicho. Nikawasha.

Alijitambua mara moja. Alicheka, akampiga shemeji begani, akasema mwone, mwone huyo. Shemeji akasema kwa kweli mama alikuwa hatari. Mama mkwe alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

Mtoto alipotokea, mama aliondoa mkono begani kwa shemeji. Ilipokwisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Hilo gauni nililishona mimi," alisema. Kisha akanigeukia. "Wewe uliniambia hii mashine inakisia. Kwamba pasipoonekana inajitungia."

"Inakisia, mama. Nyuso inazikisia."

"Basi imejitungia."

Mama akageuza kichwa chote kumtafuta mama mkwe, kwa kuwa alikuwa amekaa upande wa jicho lililozima.

"Mkwe. Imejitungia?"

"Yaya," mama mkwe alisema. Hapana. Alisema taratibu, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. "Alikuwa mzito, huyu. Mlimlisha vizuri."

"Na mbona hukusema? Siku zote hizo unanisikiliza tu?"

Mama mkwe alifikiri. "Ulikuwa unacheza vizuri," alisema. "Nilimpa mama mmoja amshike, nikasimama kukutazama. Nikasema, na acheze. Baadaye ulikuwa umefurahi sana, na mtoto ni mzima. Ningesema nini?"

Shemeji aliinuka akaenda dirishani, akawa anashughulika na simu isiyoita. Mimi nililia, na sikujificha.

Mama ndiye mkubwa kwa umri, na magoti yake yana maneno mengi. Alishuka kwenye kiti, la kwanza, halafu la pili, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya mkwe wake kama anavyopiga magoti msichana akimwamkia mkubwa. Mama mkwe akamshika mabega, akamwambia inuka, mkwe, unanitia aibu. Mama akakataa kuinuka.

"Wabeja," alisema. Asante. Alilisema mara moja tu, na sikuwahi kumsikia akisema neno lolote mara moja tu.

Alipoketi tena, alinitaka nirudishe kile kipande. Nikakirudisha. Akakitaka tena, na tena, uso umegusa kioo. Nilidhani anajitafuta, kwa hiyo nikamwuliza kama nimpelekee pale anaporusha jembe, maana pale ndipo picha ilipotoka safi kuliko pote.

"Huyo nitamtazama siku nyingine," alisema. "Nirudishie mkwe wangu anapoinama."